Mondo, simbamangu na kimburu: uende Ngorongoro na Ndutu, Mara au Aberdare?

Safari nyingi za mbugani hupangwa kwa ajili ya simba, tembo na chui. Redio ya gari ikitangaza chui juu ya mgunga, dereva anakanyaga mafuta, na mondo, paka wa porini mwenye madoa, aliyesimama kimya kwenye majani, mita 20 tu kutoka barabarani, anapitwa bila mtu kumwona. Ndiyo maana watu huzunguka Serengeti wiki nzima wakarudi nyumbani wakisema paka wadogo wameisha. Hawajaisha. Wanatafutwa kwa saa nyingine, kwa mwendo mwingine, na mara nyingi mahali pengine.

Njia tatu ndizo zinazowachanganya watu wengi: kreta ya Ngorongoro pamoja na Ndutu kwa upande wa Tanzania, Maasai Mara na hifadhi za jamii zinazopakana nayo, na milima ya Aberdare, hizi mbili zikiwa Kenya. Zote tatu zina paka wadogo, zote zinafikika kwa gari kutoka Arusha au Nairobi, na kila moja ina ugumu wake.

Vigezo kabla ya majina

Usianze kwa kuchagua hifadhi. Jiulize kwanza unamtaka paka gani hasa. Kisha: utaruhusiwa kuwa nje saa ngapi? Majani yatakuwa na urefu gani mwezi huo? Gari litaruhusiwa kuacha njia? Na mwisho pesa, yaani si bei ya siku moja tu bali ni siku ngapi mfuko wako unaweza kubeba.

Kigezo cha majani ndicho husahaulika, nacho ndicho kinachoamua mengi. Mondo ana kimo cha sentimita 54 hadi 62 begani. Majani yakifika kiunoni mwa mtu mzima, hutamwona hata akiwa mita 10 kutoka ulipo. Yakiliwa hadi kuwa kama uwanja wa mpira, panya wanapungua na yeye anahamia kingo za mabwawa. Urefu mzuri ni wa magotini: mwili umefichika, masikio yanachungulia.

Wajue wenyewe kwanza

Mondo ana uzito wa kilo 8 hadi 18 na miguu mirefu kuliko paka mwingine yeyote ukilinganisha na mwili wake. Mkia ni mfupi, una pete. Masikio ni makubwa, na mgongo wa kila sikio ni mweusi wenye doa jeupe. Ukimwona kwa nyuma, madoa hayo mawili meupe ndiyo yanayokugutusha. Huwinda kwa kusikia. Husimama kichwa kimeinama kidogo, sikio moja likigeuka na jingine likitulia, macho wakati mwingine yamefumba nusu, na anaweza kukaa hivyo robo saa. Halafu miguu yote minne inaacha ardhi kwa pamoja, anapinda hewani, anatua na miguu ya mbele juu ya panya. Utafiti uliofanyika ndani ya kreta ya Ngorongoro ulionyesha kwamba karibu nusu ya miruko hiyo humpatia kitu, kiwango ambacho simba hakifikii.

Simbamangu ana uzito wa kilo 8 hadi 19, rangi moja ya udongo mwekundu bila madoa, na vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio. Anapenda ukame, vichaka na mawe, na ana uwezo wa kuruka na kunasa kwale au kanga anayepaa. Kati ya watatu hawa ndiye mgumu zaidi kuonekana.

Kimburu, ambaye wengine humwita paka-pori, ni wa kilo 3 hadi 6 na ndiye ukoo uliozaa paka wa nyumbani. Hapo ndipo shida ilipo. Ukiona paka wa kijivu karibu na kambi au kijiji, huenda ni wa mtu, au ni mchanganyiko. Kimburu halisi ana miguu mirefu, mgongo wa masikio wenye wekundu, na mkia mwembamba wenye pete unaoishia kwa ncha nyeusi. Mtafute mbali na makazi.

Usiku kuna kosa moja linalojirudia: kanu hudhaniwa mondo kwa sababu ya madoa. Tazama mkia. Wa kanu ni mrefu karibu sawa na mwili, na miguu yake ni mifupi. Mnyama mzito mwenye madoa anayetembea kichwa chini, uso umefunikwa kama barakoa nyeusi, huyo ni fungo.

Paka gani, wapi

Ndani ya kreta, mondo ndiye mwenye nyumba. Kingo za bwawa la Gorigor na majani yanayofuata mto Munge ndiko pa kuanzia. Ndutu, umbali wa saa mbili hadi tatu za vumbi kuelekea Serengeti, kuna mchanganyiko mzuri zaidi: migunga, mabwawa madogo, maziwa ya chumvi ya Ndutu na Masek, na tambarare. Humo mondo yupo, kimburu yupo, na simbamangu ana nafasi nzuri kuliko katika njia nyingine mbili. Kama simbamangu ndiye sababu ya safari yako, elekeza siku nyingi Ndutu na siku moja tu kreta.

Mara ni nchi ya mondo. Majani, vijito na wingi wa panya vinamfaa, na waongozaji wa huko wamezoea kumtafuta. Kimburu huonekana, hasa kwa taa za usiku katika hifadhi za jamii. Simbamangu yupo lakini asiwe msingi wa mpango wako.

Aberdare huendewa kwa jambo moja ambalo njia nyingine hazina kwa wingi: mondo mweusi. Si spishi nyingine. Ni mondo yule yule aliyezaliwa na weusi, na jua likimpiga ubavuni madoa yanaonekana chini ya weusi huo. Katika nyanda za juu za Kenya weusi huu hujitokeza mara nyingi kuliko tambarare. Na ajabu yake, huko juu kwenye vishungi vya majani ya manjano, mondo mweusi huonekana kwa urahisi kuliko mwenzake wa madoa.

Saa unazopewa

Ngorongoro ina ukali wake. Kushuka kreta huanza saa 12 asubuhi na jioni saa 12 lazima uwe umetoka. Hakuna kuzunguka usiku. Sasa piga hesabu: ukilala Karatu, mji ulio nje ya hifadhi, lango la kuingilia la Lodoare nalo hufunguliwa saa 12, kuna foleni ya vibali, halafu kuna kupanda hadi ukingoni na kushuka kwa njia ya Seneto. Unagusa sakafu ya kreta saa 1 na robo au baadaye, na nusu ya muda bora imekwisha. Kulala ukingoni ni ghali, lakini kwa mtafuta mondo fedha hiyo ina kazi. Kati ya Juni na Agosti ukungu wa ukingoni unaweza kuchelewesha hata walio juu.

Ndutu iko huru zaidi kwa sababu unalala ndani ya eneo lenyewe. Jua linapochomoza uko tayari kando ya bwawa.

Mara igawe mara mbili. Ndani ya hifadhi ya taifa tiketi ni ya saa 12, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na usiku hairuhusiwi. Katika hifadhi za jamii kama Mara North, Olare Motorogi na Naboisho, kambi huruhusiwa kuzunguka usiku kwa gari lenye taa. Kwa paka wanaowinda gizani tofauti hiyo ni kubwa. Hakikisha taa ina kichujio chekundu, na mwombe anayeishika asimmulike mnyama machoni kwa muda mrefu wala asimulike windo lake. Kumpofusha panya ili mondo ale ni kuharibu kile ulichokuja kukiona.

Aberdare gari halizunguki usiku, lakini hoteli ya The Ark imejengwa juu ya dimbwi na chumvi inayolambwa na wanyama, kuna taa usiku kucha, na wahudumu hugonga kengele mnyama wa maana akitokea. Kanu na fungo ni wageni wa mara kwa mara. Mondo huja kwa bahati. Kwa mondo hasa, saa zako ni za asubuhi kule juu nyandani.

Majani na msimu

Hapa ndipo kalenda ya uhamaji wa nyumbu inapotudanganya. Watu hukimbilia Mara Julai na Agosti kuona nyumbu wakivuka mto, wakati majani yaliyokua tangu masika bado ni marefu sehemu nyingi. Nyumbu wakishakula, kuanzia Septemba hadi mvua za vuli zikolee, majani yanashuka hadi urefu unaofaa. Januari na Februari nazo si mbaya. Aprili hadi Juni ndiyo ngumu: majani marefu, matope, magari yanayokwama.

Kreta haifuati sana kalenda hiyo, kwa kuwa wanyama wengi hukaa humo mwaka mzima na kuyala majani. Kiangazi kikishika, Julai hadi Oktoba, sakafu inakauka na mondo hujibana kando ya mabwawa, hivyo unajua pa kusubiri.

Ndutu ina misimu miwili tofauti kabisa. Januari hadi Machi nyumbu wanazaa, magari yamejaa, kila redio inamtafuta duma. Juni hadi Oktoba nyumbu hawapo, vumbi limetawala, vichaka vimepukutika majani, na kambi nyingi hushusha bei. Wengi huiita Ndutu ya miezi hiyo tupu. Kwa simbamangu na kimburu ndiyo miezi tungeichagua: vichaka vilivyo wazi, gari moja au mawili, na dereva asiye na haraka.

Aberdare iepuke mvua zikiwa kali. Barabara za nyanda za juu hufungwa, na ukungu unaweza kukaa siku nzima. Januari, Februari, kisha Julai hadi Septemba ndiyo miezi yenye matumaini, ingawa hata hapo asubuhi inaweza kukunyima kila kitu hadi saa 4.

Gari na barabara

Kreta hakuna kuacha njia, hata kwa mita 5. Ndutu, kwa upande unaosimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kuacha njia kumeruhusiwa kwa miaka mingi. Upande wa Serengeti ni marufuku, na mpaka kati yao hauna uzio. Dereva asiyeujua mpaka huo anaweza kukuletea faini. Thibitisha utaratibu wa msimu wako langoni.

Katika hifadhi ya Mara kanuni ni magari 5 kwa mnyama mmoja, na kuacha njia hairuhusiwi. Hifadhi za jamii huruhusu kuacha njia kwa uangalifu, na magari ni machache kwa kuwa wanaoingia ni wale waliolala kwenye kambi za humo. Udongo mweusi ndio adui wa pande zote hizi mbili: mvua ya nusu saa unageuka gundi.

Aberdare inahitaji gari la 4x4 lenye tairi nzima na tairi ya akiba, kwa sababu barabara ya mlima ina miteremko, mawe na utelezi. Mafuta jaza Nyeri au Mweiga. Nyanda za juu ziko zaidi ya mita 3,000, kwa hiyo beba koti zito, glovu na kofia, na usikimbie ukishuka garini. Kutembea kwa miguu nyandani panga na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mwenye silaha. Tembo na nyati wamo.

Pesa

Ngorongoro kuna ada ya kuingia kwa kila mtu kwa saa 24, na juu yake ada ya gari kwa kila kushuka kreta. Ada ya gari ni ile ile mkiwa wawili au sita, hivyo kundi dogo ndilo linaloumia. Tena, ukipita Ngorongoro kwenda Serengeti na kurudi kwa njia hiyo hiyo baada ya saa 24 kuisha, unalipa kuingia upya.

Mara, tangu 2024, mgeni asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba. Raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu ya hapo. Kambi za hifadhi za jamii ni ghali kwa usiku mmoja, ila mara nyingi bei hubeba gari, mwongozaji na mizunguko ya usiku. Linganisha jumla na jumla, usilinganishe kitanda na kitanda.

Aberdare ndiyo nafuu kwa mwenye gari lake, ikiwa umbali wa saa tatu hivi kutoka Nairobi. Malipo ya KWS hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Fanya hivyo ungali mjini, kwa kuwa mtandao wa langoni hausubiri haraka yako.

Kinachoharibu safari, popote uendapo

Cha kwanza ni injini. Mondo anamsikiliza panya anayetafuna chini ya majani. Dizeli inayonguruma kando yake ni kama kumziba masikio. Simama mita 30 au zaidi, zima kabisa, na kila mtu atulie, maana hatua za watu ndani ya gari hutikisa gari zima na picha ya mwenzako. Yatazame masikio yake. Yakielekea kwenye majani, mpo salama. Yakigeukia gari kila mara, mmesogea mno, na kinachofuata ni yeye kuondoka bila kula.

Cha pili ni makubaliano. Mwambie dereva kabla ya kulipa, tena kwa maandishi kwenye ratiba: tunatafuta mondo, simbamangu na kimburu, mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, redio hatuifuati ila kwa paka hao. Madereva wengi hukimbiza simba kwa sababu wanaamini bahasha ya mwisho wa safari inategemea simba. Ukimwondolea hofu hiyo asubuhi ya kwanza, utapata mtu mwingine kabisa nyuma ya usukani.

Gaweni pande: wa kushoto atazame kushoto, wa kulia kulia. Tafuteni masikio mawili yaliyosimama juu ya majani, si mwili wa paka. Darubini ya 8x42 inatosha. Yenye nguvu zaidi hutikisika garini. Kwa kamera, lenzi ya milimita 400 ni ya kuanzia. Mfuko wa kuegemeza lenzi uletwe mtupu, ujazwe kilo 2 za maharage sokoni Karatu au Narok. Upepo mkali ukivuma, punguza matarajio kwa mondo, kwa kuwa majani yanayochakarisha humnyima kusikia. Saa hizo tumia kwa vichaka na simbamangu. Na chakula katika kreta kiliwe ndani ya gari, la sivyo mwewe wa Ngoitokitok, mahali pa mapumziko ndani ya kreta, atakula kabla yako.

Na paka dhahabu?

Wapo wanaouliza juu ya paka dhahabu wa misitu ya Kibale na Bwindi, Uganda, anayeitwa embaka na wenyeji wa pembezoni mwa Bwindi. Hatukumweka kwenye ulinganisho kwa sababu hakuna ratiba ya siku chache inayoweza kuahidi hata nusu ya nafasi ya kumwona. Anajulikana hasa kwa kamera zilizofungwa mitini. Nenda Kibale kwa sokwe na matembezi ya usiku, na umhesabu yeye kuwa ni majaliwa.

Kwa hali yako

Una siku 3 tu na hujawahi kumwona mondo: Mara, katika hifadhi ya jamii, Septemba hadi Novemba mapema. Mizunguko ya asubuhi, jioni na usiku inakupa saa nyingi kwa siku chache.

Una siku 5 au 6 na simbamangu ndiye unayemwota: Ndutu siku 4, kati ya Juni na Oktoba, kisha ukingo wa Ngorongoro usiku mmoja na kreta asubuhi inayofuata.

Mko familia ya watu 5 au 6 kutoka Arusha, na watoto wanataka pia faru na simba: kreta inawafaa, kwa kuwa ada ya gari inagawanyika. Laleni ukingoni, shukeni mapema, saa mbili za mwanzo ziwe za Gorigor, zinazobaki ni za watoto.

Unaishi Nairobi, una 4x4 yako na wikendi ndefu: Aberdare, ukikubali kwamba huenda ukungu ukakurudisha mikono mitupu. Lala usiku wa kwanza The Ark, alfajiri panda nyandani.

Mpigapicha anayetaka mruko wa mondo hewani: Mara au Ndutu, gari la peke yako, jua mgongoni, na mondo mmoja kwa asubuhi nzima badala ya watano wa dakika tano tano.

Mzee au mtu asiyeweza kutikiswa garini saa nyingi: The Ark kwa usiku mbili, kiti kikiwa karibu na dirisha na blanketi magotini. Waombe mapokezi wamwamshe hata kwa kanu.